Vikombe Kwenye Matete

Kitendawili. Semeni tega, wajukuu zangu, msiniangalie tu.

Kila asubuhi anabusiwa na watu wote wa nyumba, kuanzia baba mpaka kitinda mimba, wala hakuna anayeona wivu. Ni nani huyo?

Mmeshindwa? Nipeni mji. Mahenge siupokei, nimepewa mara nyingi mpaka nimechoka kuutawala. Haya, Morogoro nimeupokea. Nimekwenda Morogoro, nimekaa, nimekula wali na kambale, nimerudi. Jibu lake ni kikombe.

Kikombe ni kitu kidogo, na watu hawakikumbuki mpaka siku kinapokosekana. Basi tulieni niwaeleze habari ya vikombe vya nyumba moja ya Lipangalala, na msichana aliyeitwa Agnella.

Agnella alikuwa darasa la sita. Asubuhi za likizo aliamka, akafagia uwanja, akaosha vyombo vya jana na kuvianika kwenye kichanja nyuma ya jiko. Restituta ndiye aliyechota maji. Huyu alikuwa binti wa mama yake mdogo, mwenye miaka kumi, aliyetoka Mahenge mwaka ule kuja kusoma Ifakara. Alikuwa bado mgeni, hata kiti alikiomba kwanza ndipo akakikalia. Mtoto wa mwisho alikuwa Deus, mdogo wake Agnella, ambaye shule alikuwa hajaanza. Kazi yake ilikuwa kufukuza kuku na kuuliza maswali.

Mwezi wa sita mpunga wa bondeni ulikuwa umeiva. Mnajua mambo yetu: mwenye shamba la mbali haendi na kurudi, anahamia. Anachukua mkeka, chandarua, unga na vyombo, anakwenda kukaa kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti katikati ya mpunga, mpaka mavuno yaishe. Baba yake Agnella alikuwa na kazi kwenye mashine ya kukoboa, kwa hiyo alibaki mjini. Mama na watoto watatu ndio waliotakiwa kwenda, wakamkute huko Mjomba Kasmiri, kaka yake Mama.

"Safari hii vyombo utachagua wewe," Mama alimwambia Agnella. "Umekua sasa. Nataka nione macho yako yanavyoona."

Agnella alifurahi. Aliingia ndani, akatoa sahani za udongo zenye maua, glasi za wageni, na hotipoti kubwa ya sikukuu. Akavipanga kwenye mkeka kama mtu wa duka. Mama alipokuja kuangalia, alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Mwanangu, tunakwenda kuvuna au tunapokea posa?"

"Si umesema nichague vizuri, Mama?"

"Vizuri kwa safari. Njoo ukae." Mama akaichukua sahani moja ya maua. "Hii ikianguka inakuwaje?"

"Inavunjika."

"Na vipande vyake vinamchoma nani miguuni? Si Deus huyo, asiyejua viatu? Weka pembeni. Hotipoti je? Ibebe kichwani uzunguke nyumba mara moja, halafu uniambie shingo inasemaje."

Agnella hakuizungusha. Aliirudisha ndani kimya kimya, na zile glasi pia. Akarudi na bakuli za plastiki. "Hizi ni nyepesi, Mama, na hazivunjiki."

"Hapo umefikiri. Lakini plastiki ikishika mafuta ya samaki, kwa maji baridi ya shambani haitakati. Na ukiisogeza karibu na moto inajikunja kama jani. Tutachukua moja tu, ya kuoshea mikono."

Mwisho wakakubaliana. Sufuria mbili, ndogo ikiingia ndani ya kubwa ili zisile nafasi. Sahani za bati. Vijiko vilivyofungwa kwa uzi, mwiko, na kisu kilichoviringishwa kwenye kitambaa. Na vikombe vya bati vyenye mkono, kimoja kwa kila mtu.

Juu ya vikombe Mama alikuwa mkali. Mwaka uliotangulia walikwenda shambani na kikombe kimoja cha kupokezana. Mmoja alipoanza kuharisha, dungu zima liliharisha. "Chombo cha safari kiwe chepesi, kiwe kigumu, kitakate kwa maji kidogo," alisema, "lakini la kwanza ni hili: kila mdomo na kikombe chake." Akafunga uzi wa rangi kwenye mkono wa kila kikombe. Cha Deus kilipata uzi mwekundu, na Deus akalala nacho usiku ule.

"Ukivipanga, tia vitambaa katikati," Mama aliongeza. "La sivyo vitapiga kelele njia nzima."

Asubuhi ya safari Agnella alichelewa kuamka. Ndoo ya vyombo ilijaa upesi, na vikombe vikakosa mahali. Akavitunga kwenye kamba, akaining'iniza nje ya ndoo. Vitambaa alivisahau juu ya kitanda.

Bajaji iliwafikisha mwisho wa barabara, kwenye kijiji chenye zahanati. Kuanzia pale ni miguu. Mama alitangulia na unga na mikeka. Agnella na Restituta walipokezana ndoo, na yule aliyepumzika alimshika Deus mkono. Na kama Mama alivyosema, vikombe vikaanza kuimba: kocho kocho, kocho kocho, kila hatua.

Mbele kidogo wakakutana na vijana wawili wakisukuma baiskeli zenye magunia ya mpunga. Mmoja alikuwa Fidelis, anayesoma darasa moja na Agnella. Wakati huo ndoo ilikuwa kichwani kwa Agnella.

"Oya, harusi ya nani hiyo?" Fidelis aliuliza. "Ngoma tunaisikia, bibi harusi hatumwoni."

"Bibi harusi ndiye huyo kabeba ngoma mwenyewe," mwenzake akajibu. "Ameona gharama za bendi kubwa."

"Agnella, tukirudi shule utatupigia, eh?"

Wakaenda zao wakicheka. Restituta naye alitabasamu kidogo, kwa sababu kwa kweli maneno yalichekesha. Lakini Agnella masikio yalimwaka moto. Akaanza kuona kila mtu wa bonde lile anamsikia yeye tu. Kocho kocho. Na shingo nayo ilishaanza kuuma.

Walipofika kwenye mfereji wenye gogo la kuvukia, Restituta alivuka kwanza na Deus. Mama alikuwa mbali mbele. Agnella akabaki nyuma kidogo. Akatua ndoo, akafungua ile kamba, akavisukuma vikombe vyote ndani ya matete kando ya mfereji, chini kabisa, pasipoonekana. Akajiambia atavichukua siku ya kurudi. Kwani kikombe kina kazi gani kubwa? Mtu anaweza kunywea hata bakuli.

"Dada, mbona ndoo imenyamaza?" Restituta aliuliza walipoendelea.

"Nimeviingiza ndani."

"Uwezo wako mkubwa. Mimi nilijaribu vikakataa." Akanyoosha mikono. "Lete, zamu yangu."

Karibu na shamba kulikuwa na tope. Restituta aliteleza, akapiga goti, ndoo ikayumba na mfuniko ukafunguka. Mwiko na sahani moja vilianguka. Akaviokota, akavifuta kwa kanga yake, wakaendelea. Mjomba Kasmiri aliwapokea chini ya dungu. Wakamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamrusha Deus juu mpaka mtoto akapiga kelele za furaha.

Jioni Mama alifungua ndoo apange vyombo. Akapanga, akatazama ndani, akainua sufuria, akatazama tena.

"Vikombe viko wapi?"

Hapo ndipo njia inapogawanyika, wajukuu zangu. Agnella angeweza kusema palepale. Angekaripiwa, angerudishwa mfereji ukiwa karibu, na habari ingeishia hapo. Lakini alimwona Mama amechoka, akamwona Mjomba anatazama, na mdomo ukakimbilia pengine.

"Niliviingiza ndani ya ndoo, Mama. Halafu Restituta akaanguka nayo kwenye tope."

Restituta aliduwaa. "Ni kweli nilianguka," alisema polepole. "Lakini niliokota kila kitu. Nadhani niliokota."

"Unadhani," alisema Mjomba. "Kuku naye anadhani kapanda mahindi, kumbe kayala."

Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Restituta, mwanangu, kitu cha nyumba kinaangaliwa," na hilo "mwanangu" lilikuwa limepoa. Restituta aliinamisha kichwa, akajilaumu kwa kosa asilolitenda. Usiku ule watu walikunywa chai kwa kupokezana bakuli la kunawia, na Deus alilala akilia kikombe chake cha uzi mwekundu.

Nawategea kingine, na hiki nitakitegua mwenyewe. Mzigo hauna kamba, hauna kata ya kuuwekea kichwani, na kila ukilala unaamka umeongezeka. Ni uongo uliombebesha mwenzako. Agnella aliusikia usiku kucha, ingawa dungu lilikuwa kimya.

Asubuhi Mama na Mjomba waliingia kwenye mpunga na visu vyao vya kuvunia. Agnella aliachiwa jiko na Deus. Restituta aliomba ruhusa.

"Mama mkubwa, naomba nirudi njiani nikatafute vikombe. Nitakuwa mwangalifu na maji."

"Nenda, ila usivuke mfereji peke yako," alisema Mama.

Agnella alimwona akiondoka. Alimwona akisimama pale penye tope, akiinama, akipapasa kwa mikono, akisogea mbele, akiinama tena. Kutoka juu ya dungu alionekana kama korongo mdogo anayetafuta samaki. Agnella alifungua mdomo amwite. Akaufunga. Akaanza kuchambua mchele usiokuwa na mawe.

Jua lilipopanda, Deus alidai maji. Maji ya kunywa yalikuwepo, Mama aliyachemsha jana na kuyafunika ndani ya sufuria ndogo. Kilichokosekana ni cha kunywea. Bakuli lilikuwa limeganda uji na dagaa, na Agnella hakuwa na moyo wa kuliosha. Akatazama huku na huku. Chini ya dungu, kwenye msumari, ilining'inia kata: galoni ndogo nyeupe iliyokatwa katikati, na mkono wake bado mzima. Mvua zilikuwa zimeifua mpaka ikang'aa. Hapa kwetu nani hajaona kata za namna hiyo? Tunachotea maji, tunapimia mbegu.

Agnella aliisuuza mara moja. Ilikuwa na harufu kidogo, kali, ya mbali. Akajiambia ni harufu ya plastiki kupigwa jua. Akamchotea Deus maji, mtoto akanywa yote. Akataka mengine, akapewa.

Haukupita muda mrefu mtoto akasema tumbo linauma. Akatapika. Mate yakaanza kumtoka bila kukoma, jasho likamlowesha shati, na miguu ikakataa kusimama. Agnella alikimbilia mpungani akimwita Mama kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua.

Mama alimshika Deus kwenye paji la uso. "Malaria hii. Kaka, lete baiskeli."

Mjomba alimkalisha Deus kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, Mama akamshikilia ubavuni, wakaenda mbio mbio kurudi kijijini. Agnella alifuata. Kwenye kona ya mfereji wakamkuta Restituta. Alikuwa tope mpaka mapajani, na matete yalikuwa yamemchora mikono na miguu mistari myembamba ya damu. Mikononi hakuwa na kitu.

"Deus ana nini?" aliuliza, akaungana nao.

Walikwenda pamoja nyuma ya baiskeli. Restituta alikuwa akihema. Baada ya kitambo alisema, bila kumtazama Agnella:

"Dada. Nimetafuta tope lote, hata kijiko sijaona. Nikawaza, kabla hujanipa ndoo ilishanyamaza. Nilipokuwa natafuta, wewe ulikuwa unajua viko wapi?"

Agnella alitazama mgongo wa Mama.

"Agnella, kimbia mbele ukamwambie muuguzi tunakuja," Mama aliita.

Akakimbia. Alikimbia kwa ajili ya Deus, ndiyo, lakini alilikimbia pia lile swali.

Zahanatini alikuwepo muuguzi anayeitwa Bernadetha, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alimlaza Deus ubavu, akamchoma kidole kwa kipimo cha malaria. Wakati kipimo kinasubiriwa, alimfungua macho na kumulika kwa tochi. Akatulia. Akamulika tena.

"Malaria hakuna," alisema kipimo kilipokamilika. "Na mboni za macho zimekuwa ndogo sana, na mate haya siyapendi. Amekula nini? Amekunywa nini?"

"Uji na dagaa, sawa na sisi wote," Mama alijibu. "Na maji ya kuchemsha. Nimeyachemsha mimi mwenyewe."

"Kuna dawa ya shamba aliyoigusa?"

"Hapana," alisema Mjomba Kasmiri. "Kupuliza tulimaliza zamani. Dawa haipo shambani."

"Mtoto hawezi kuwa hivi bila sababu. Nikijua sababu nitajua pa kuanzia. Alinywea chombo gani?"

"Vikombe vyetu vilipotea njiani," alisema Mama. "Huyu binti aliteleza navyo." Akamwonyesha Restituta kwa kidevu. Restituta alisimama mlangoni, tope likimkaukia miguuni.

Agnella alimtazama Deus. Mate yalikuwa yanadondoka kwenye shuka. Alitaka mtu mwingine aseme. Alisubiri kidogo kama kuna mtu mwingine atasema. Hapakuwa na mwingine anayejua.

"Alinywea kata," alisema.

"Sema tena, mama, taratibu," alisema Bernadetha.

"Kata nyeupe, iliyokuwa chini ya dungu kwenye msumari. Niliisuuza. Ilikuwa inanuka kidogo. Nimempa mara mbili. Ni mimi niliyempa."

Mjomba Kasmiri alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ile ni galoni ya dawa ya wadudu. Niliikata mimi, ya kupimia. Niliitundika nikasema nitaifukia kesho."

Bernadetha hakupoteza muda kumlaumu mtu. Alimvua Deus nguo zilizolowa matapishi, akamwosha ngozi kwa maji na sabuni, akakataza mtu yeyote kumpa maziwa wala kumtapisha. Akapiga simu mjini waletewe gari. "Kasmiri, wewe rudi shambani ukalete hiyo kata. Ifunge kwenye mfuko, usiishike kwa mkono mtupu. Kama boksi lake au karatasi yake ipo, lete. Madaktari watataka kujua ni dawa ya aina gani." Kisha akawageukia Agnella na wengine. "Na ninyi sikieni. Chombo cha dawa ya shamba hakioshwi kikawa chombo cha kula. Hata ukichemshe kutwa. Kinatobolewa, kinafukiwa mbali na maji."

Gari lilikuja, likamchukua Deus na Mama. Mjomba aliporudi na kata, nayo ikasafirishwa kwa bodaboda. Usiku ule Agnella na Restituta walilala nyumbani kwa Bernadetha, kitanda kimoja. Restituta alimpa mgongo. Hakuuliza tena.

Kesho yake Mjomba aliwapeleka hospitali ya mjini. Deus alikuwa na mrija wa dripu mkononi, amelegea, lakini macho yamefunguka. Alipomwona Agnella alisema, "Dada, huku wanatoa uji wa maziwa," halafu akalala tena. Daktari alikuwa amesema hatari imepita, ila wangemwangalia siku mbili tatu. Alisema pia kwamba kama wangetibu malaria wakasubiri, habari ingekuwa nyingine.

Restituta alichukua nguo chafu za Deus akaenda nazo bombani nyuma ya wodi. Agnella alikaa na Mama kwenye benchi la nje. Mama alikuwa hajalala, na kilemba kilikuwa kimemlegea.

"Umesema kweli jana," alisema Mama. "Ilikuwa ngumu, najua. Umemsaidia mdogo wako." Akamshika bega. "Na ile kata hukujua ni ya nini. Mjomba wako amelia kama mtoto. Ila vikombe vingekuwepo, haya yote yasingetokea. Nimefikiri nimpigie simu mama yake Restituta. Likizo ikiisha pengine arudi Mahenge kwanza, akomae. Nyumba yangu haiwezi kila siku..."

"Mama, usipige."

"Kwa nini?"

Agnella alitamani mkono wa Mama usiwe begani. Ulikuwa mkono wa kumpongeza, na ulimchoma kuliko fimbo.

"Vikombe nilivificha mimi," alisema. "Kwenye matete, pale kwenye gogo. Fidelis na mwenzake walinicheka kwa ajili ya kelele. Vitambaa ulivyosema niweke, sikuweka. Restituta hakuangusha kikombe hata kimoja. Nilisema uongo, Mama."

Mama aliuondoa mkono. Mhudumu alipita akisukuma kitoroli cha chakula, sahani zikigongana, na wote wawili walikisikiliza mpaka kikaishia mwisho wa veranda.

"Nilikuchagua uchague vyombo," Mama alisema hatimaye, "kwa sababu nilitaka ujifunze kufikiria watu. Chombo si bati, Agnella. Kila kikombe ulichokitupa kwenye matete kilikuwa na mdomo wa mtu. Ulipokitupa kikombe chenye uzi mwekundu, ulimtupa Deus. Na ulipomsingizia mwenzako, hukutua mzigo. Ulimbebesha asiye na mtu wa kumtetea."

Agnella alilia. Mama alimwacha alie.

"Kelele za vikombe zingekuaibisha mpaka shambani tu," aliendelea, na sauti sasa ilikuwa imelainika. "Kucheka kwa watu hakujaua mtu. Kuficha kosa nusura kuue. Likumbuke hilo. Mtu akikosea aseme mapema, kosa likiwa bado dogo la kubebeka. Na mimi pia nina langu. Nilimhukumu mtoto wa mdogo wangu bila kumwuliza vizuri, kwa kuwa tu alikuwa ameshika ndoo. Nitamwambia hivyo."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusikia. Deus akitoka tutakwenda wote, na wewe utaingia kwenye hayo matete uvitoe mwenyewe, uvisugue kwa mchanga na kuvichemsha. Lakini ombi hili la msamaha umelileta kwa mtu asiyehusika sana." Mama alinyoosha kidole upande wa bombani. "Mimi sikupapasa tope. Mimi sikuchanwa miguu. Nenda kwa mwenyewe."

Agnella alifuta uso kwa kanga, akazunguka wodi. Restituta alikuwa ameinama juu ya beseni, akisugua shati la Deus. Ile mistari ya matete mikononi mwake ilikuwa imeanza kukauka, na sabuni ilipoigusa alikunja uso kidogo. Alimsikia Agnella akija, akaendelea kusugua.

Agnella alichuchumaa ng'ambo ya beseni. Akachukua kaptula, akaanza kuifua. Walifua hivyo, maji ya bomba yakichuruzika.

"Nimemwambia Mama kila kitu," Agnella alisema. "Hutarudishwa Mahenge."

Restituta alikamua shati, akalikung'uta, akalitandaza kwenye majani. Alirudi akakaa pale pale.

"Nashukuru," alisema. "Lakini mimi sikukuuliza habari za Mahenge, Dada. Nilikuuliza jambo njiani, na mpaka leo hujanijibu."

Agnella aliiacha kaptula ndani ya maji. Kumwambia muuguzi ilikuwa ngumu, na kwa Mama ngumu zaidi. Hapa ilikuwa ngumu kuliko kote, maana Restituta alikuwa amemtazama usoni, hajakasirika, anasubiri tu.

"Nilijua," alisema. "Nilikuwa juu ya dungu. Nilikuona unatafuta, na nilijua."